Nyumba ya uani twaijua, hati je?

Nitajapo nyumba ndogo, asicheke mtu wala asimkonyeze mwenzake. Sikusudii ile ya mafichoni. Nakusudia kijumba cha chumba kimoja au viwili kinachosimamishwa uani, nyuma ya nyumba kubwa, na ambacho siku hizi chaweza kuundwa kiwandani vipande vipande, kikaletwa kwa lori na kuunganishwa kwa muda mfupi. Wako wanaokitazama kama maajabu yaliyozuka Marekani. Mimi nasema kujenga uani twakujua sana. Tulilolipuuza ni kuandikiana.

Miji yetu ya Pwani imezoea kukua kwa ndani. Lamu, mzee mwenye binti wa kuozwa alipandisha orofa juu ya nyumba yake, na nafasi ilipokosekana alivusha wikio juu ya kichochoro hadi ukuta wa pili. Mombasa, katika mitaa ya Majengo, uani palipokuwa na jiko na choo pakaongezwa chumba cha kijana aliyeoa, au cha mpangaji. Lililotakiwa ni radhi ya mzee na sitara ya watu wa nyumbani.

California mambo yalikuwa kinyume. Kwa miaka mingi mabaraza mengi ya miji yaliwazuia watu kujenga nyumba ya pili katika kiwanja kimoja, ilhali kodi zapanda na vijana hawana pa kukaa. Sheria ya jimbo ililegezwa kuanzia 2017. Tangu 2020 baraza lapasa kulijibu ombi katika siku 60, wala haliwezi kukataa nyumba ya uani ya futi za mraba 800 iliyotimiza masharti na kuachana na mpaka wa jirani kwa futi 4. Na tangu 2024, mji unaotaka waweza kuruhusu nyumba hiyo iuzwe peke yake, kwa hati iliyosajiliwa, nyumba kubwa ikabaki kwa mwenyewe.

Hapo nilitabasamu. Jengo kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine, hayo Mombasa imeyazoea tangu zamani. Ndiyo nyumba bila ardhi: huyu amejenga, yule apokea kodi ya kiwanja. Sheria ya Kiislamu yaweza kutenga jengo na ardhi, na utaratibu huo ukakubaliwa hapa Pwani. Lakini mwenye ardhi akimuuzia mtu mwingine, mwenye nyumba hujikuta aambiwa abomoe, naye hana mkononi ila risiti za kodi. Ubaya hapo si udogo wa nyumba, ni udhaifu wa mapatano.

Mazito zaidi yako ndani ya ukoo. Kijana ajenga uani kwa babake, kwa jasho lake, kwa neno la mdomo. Baba akifariki, kiwanja chaingia katika mirathi na kila mrithi ana fungu lake. Dada adai haki yake, kaka asema chumba ni changu, Kadhi auliza: ushahidi u wapi? Je, baba alimpa hiba, alimwazima mahali, au alijenga mwenyewe na mwana akakaa tu? Nyumba ya kiwandani nayo yazidisha swali, maana yaweza kufunguliwa skurubu ikahamishwa. Ni mali ya kubebeka, au ni sehemu ya kiwanja?

Mwenyezi Mungu ameamrisha, katika Suratul Baqara, aya ya 282, deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo. Ikiwa deni laandikwa, sembuse nyumba? Basi kabla fundi hajapima, nao watu wa kaunti hawajaombwa idhini, waketi wazazi na watoto wote, wake kwa waume, waandike: fedha zimetoka kwa nani, ardhi ni ya nani, na dirisha litaelekea wapi lisimchungulie jirani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ya uani nayo ni mali, na ikipotea haipotei peke yake. Huondoka na udugu.