Jembe Bila Karatasi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumempa. Kinyozi wangu hapa Kigoma alikimbia Burundi. Yumo kwenye kikoba, hakosi msibani, mtaa mzima unamwita shemeji. Semina zetu za uzamili huliita hilo utangamano. Mimi naliita kubahatisha. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae kambini au awe na kibali, naye hana. Mwenye nyumba akimdhulumu, atashtaki wapi? Jirani akinuna, simu moja inatosha. Mwaka 2014 tuliwapa uraia zaidi ya watu 160,000, Warundi wa 1972 na uzao wao, baada ya miaka 42. Kumbe tunaweza. Basi tumpe karatasi kabla hatujamwomba tena mchango wa msiba.