MTOTO MWENYE USONJI SI MUONGO, WALA MAMA YAKE SI MUONGO

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, imekuwa ada katika jamii yetu kuwahukumu watoto wenye usonji kwa ushahidi wa upande mmoja. Mama humweleza ustadhi kwamba mwanawe huisoma Suratul-Fatiha nyumbani bila ya kukosea. Ustadhi humsimamisha mtoto mbele ya wenziwe, naye hatamki hata neno. Papo hapo hukumu hupitishwa: mama ni muongo, mtoto ni mkaidi, bakora huletwa. Kwa mwingine mambo huwa kinyume: shuleni hutulia na kunakili ubao mzima, lakini akirudi nyumbani hulia na kujipiga. Walimu husema amedekezwa. Majirani husema ana majini.

Tunasema wazi: hukumu zote hizo ni dhulma.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo daktari Leo Kanner aliielezea kwa watoto 11 mwaka 1943. Walikuwapo wataalamu wa Magharibi waliodai kuwa chanzo chake ni mama asiye na mapenzi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga dhana hiyo kwa hoja. Leo elimu imeitupa, lakini vibarazani mwetu mama angali akilaumiwa.

Mtoto huyu aghalabu hujifunza jambo pamoja na mahali pake: sauti ile ile, mkeka ule ule, maneno yale yale. Ukimhamishia penye kelele za watoto arubaini wanaosoma kwa pamoja, alijualo halitoki. Na yule anayejizuia shuleni kutwa nzima hurudi nyumbani akiwa amechoka, ndipo hulipuka. Mzazi amesema kweli, na mwalimu amesema kweli. Tena hakuna kipimo cha damu cha usonji. Daktari hutegemea kumtazama mtoto na maelezo ya wanaoishi naye. Wanapokadhibishana mzazi na mwalimu, nusu ya ushahidi hupotea.

Katika ufa huo ndipo waganga wanapopenya, wakiuza hirizi na makombe na kupunga majini. Dua na Qur'ani ni haki ya kila Muislamu. Kuifanya shida ya mtoto kuwa mtaji ni haramu.

Je, tumeisahau Suratu Abasa? Allah (S.W.) alimzindua Mtume wake kwa ajili ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati vigogo wa Makuraishi wapo barazani. Basi ni nani aliyetupa sisi idhini ya kumfukuza mtoto madrasa?

Kwa hiyo tunazitaka kamati za misikiti zipige marufuku bakora kwa watoto hawa. Mzazi na ustadhi wawe na daftari moja, kila mmoja aandike alichokiona. Watumie maneno yale yale pande zote mbili, na mtoto asikilizwe faraghani, penye utulivu, hata kama mama yake ndiye atakayekaa pembeni. Na mwenye shaka apelekwe hospitali mapema.

Watoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa alichokichunga.

Wabillahi tawfiq.