Barua ya Wazi kwa Seneti ya Marekani: Uwiano wa 18 kwa 1 Ufutwe

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Sheria,
Baraza la Seneti la Marekani,
Washington.

YAH: KUFUTA TOFAUTI YA ADHABU KATI YA KREKI NA KOKEINI YA UNGA

Waheshimiwa Maseneta,

Sheria ya shirikisho ya Marekani, yaani ile inayotumika katika mahakama za taifa na si za majimbo, ingali inamtoza muuzaji wa gramu 28 za kreki kifungo kisichopungua miaka 5, ambacho muuzaji wa kokeini ya unga hakifikii mpaka apatikane na gramu 500. Gramu 280 za kreki huleta kifungo kisichopungua miaka 10, ilhali kwa unga zinahitajika kilo 5. Tofauti hiyo ya takriban 18 kwa 1 ndiyo inayolalamikiwa hapa, na hoja ya barua hii ni kwamba uwiano huo, kama ule ulioutangulia, ulizaliwa na mapatano ya kisiasa pasipo kipimo cha madhara, na kwa sababu hiyo dawa yake si kuupunguza tena bali kuufuta.

Kreki ni kokeini ileile kwa umbo jingine. Unga wa kokeini huchemshwa pamoja na maji na soda ya kuokea mpaka ugande na kuwa vijiwe, ambavyo huvutwa kwa kiko. Ni kweli kwamba moshi wake hufika kwenye ubongo upesi kuliko unga unaonuswa, na kwamba ulevi wake huwa mkali na wa muda mfupi. Lakini unga huohuo ukiyeyushwa na kudungwa kwenye mshipa nao huwahi vivyo hivyo, jambo linaloonyesha kuwa tofauti iko katika njia ya matumizi. Hata hofu iliyoenea miaka ya 1980 juu ya watoto wanaozaliwa na watumiaji wa kreki haikuthibitika: Tume ya Viwango vya Adhabu, chombo kilichoundwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1984 ili kuandaa miongozo ya vifungo, ilieleza katika ripoti yake ya 2002 kwamba madhara ya kreki kwa mtoto aliye tumboni hayatofautiani na ya kokeini ya unga.

Chanzo cha uwiano huo kinajulikana. Tarehe 19 Juni 1986 alifariki Len Bias, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, siku 2 baada ya kuchaguliwa na timu ya Boston Celtics, na wengi wakaamini kwamba aliuawa na kreki, ingawa alichotumia kilikuwa kokeini ya unga. Uchaguzi wa Novemba ulikuwa unakaribia, na Bunge likaharakisha sheria bila kupitia sehemu kubwa ya hatua za kawaida za kusikiliza wataalamu. Serikali ya Rais Reagan ilipendekeza uwiano wa 20 kwa 1, Baraza la Wawakilishi likataja 50 kwa 1, na Seneti ikafika 100 kwa 1, ambao ndio uliotiwa saini tarehe 27 Oktoba 1986. Mwaka 2010 mambo yalikwenda kwa mtindo huohuo: muswada wa Seneta Durbin ulitaka usawa wa 1 kwa 1, Seneta Sessions alikuwa ametetea 20 kwa 1, na pande mbili zikakutana kwenye 18. Mnunuzi na muuzaji sokoni wanaweza kugawana tofauti ya bei na kila mmoja akaondoka ameridhika, lakini miaka ya kifungo si bidhaa, na anayeitumikia hakuwapo kwenye mapatano hayo.

Matokeo yake yamepindua hata kusudi la sheria yenyewe. Bunge la 1986 lilikusudia miaka 5 iwapate wafanyabiashara wazito wa dawa za kulevya, na miaka 10 iwapate vigogo wao. Ila kwa kuwa unga hugeuzwa kreki karibu na mnunuzi wa mwisho, mzigo wa adhabu uliwaangukia wauza kete wa mitaani. Kwa hesabu za Tume, gramu 5 za kreki, kiwango kilicholeta miaka 5 wakati ule, zilitoa dozi 10 hadi 50, ilhali gramu 500 za unga zilitoa dozi 2,500 hadi 5,000. Kifungo hicho ni cha lazima, maana yake hakimu hawezi kushuka chini yake kwa kuangalia hali ya mshtakiwa pekee. Na njia mojawapo kuu ya kukikwepa ni kuwapa waendesha mashtaka habari nzito za wenzake, ambazo muuza kete, tofauti na bosi wake, huwa hana. Zaidi ya hayo, zaidi ya robo tatu ya wanaohukumiwa na mahakama za shirikisho kwa biashara ya kreki ni Wamarekani Weusi. Sheria haitaji rangi ya mtu, lakini baada ya takwimu hizo kurudiwa mwaka baada ya mwaka, haiwezekani tena kusema kwamba matokeo hayo hayakutarajiwa.

Seneti yenyewe imekwisha kukiri sehemu ya kosa hilo. Sheria ya 2010 ilipunguza uwiano, na ile ya Desemba 2018 ikaruhusu nafuu hiyo iwafikie waliohukumiwa kabla yake. Hata hivyo, Juni 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba sheria ya 2018, kwa jinsi ilivyoandikwa, haiwahusu waliotiwa hatiani kwa kiasi kidogo kabisa cha kreki, kwa kuwa kundi lao halikuwa na kifungo cha lazima kilichobadilishwa. Hivyo wenye gramu nyingi walipata mlango wa kurudi mahakamani, na wenye gramu chache wakafungiwa. Tarehe 28 Septemba 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 361 dhidi ya 66 muswada wa kusawazisha adhabu, ukiungwa mkono na wabunge wa vyama vyote viwili, lakini muhula wa Bunge ulikwisha Januari 2023 bila Seneti kuupigia kura. Waraka wa Mwanasheria Mkuu wa Desemba 2022, uliowataka waendesha mashtaka waichukulie kreki kama unga, haukuweza kuziba pengo hilo, kwa sababu agizo la ofisi hufutwa na ofisi hiyohiyo.

Wanaotetea tofauti hiyo husema kwamba kreki huandamana na silaha. Hoja hiyo ina jibu ndani ya sheria zilizopo: anayebeba bunduki katika biashara ya dawa za kulevya huongezewa kifungo cha peke yake kisichopungua miaka 5, kinachotumikiwa baada ya kile cha dawa. Kwa hiyo uwiano wa 18 kwa 1 humwadhibu mwenye bunduki mara mbili, na humwadhibu asiye nayo kwa ukatili wa mwingine. Hofu kwamba waliopunguziwa vifungo watarudia uhalifu nayo imepimwa: Tume ilipowafuatilia kwa miaka 5 walionufaika na punguzo la adhabu za kreki katika miongozo yake la mwaka 2007, iliwakuta asilimia 43.3 wamerudi kwenye makosa, dhidi ya asilimia 47.8 ya waliotumikia vifungo vyao vyote, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Kwa hayo yote, Kamati inaombwa mambo matatu. Kwanza, ipeleke mbele ya Seneti muswada wa uwiano wa 1 kwa 1, na kusiwe na nambari nyingine ya kati, kwa kuwa kila nambari ya kati italazimika kutetewa kwa ushahidi ambao haujapatikana tangu 1986. Pili, muswada huo uwahusu wote waliokwisha kuhukumiwa, na utamke wazi kwamba wenye kiasi kidogo kabisa wamo. Tatu, usawa huo upatikane kwa kushusha adhabu ya kreki, na usipatikane kwa kupandisha ile ya unga, maana kuwaongezea wengine kifungo hakumrudishii yeyote mwaka mmoja aliokwisha kuupoteza.

Kwa heshima.