Matatu Iko na Stika ya Bima. Wakili Wako Je?

Wasee, hebu tuongee ukweli. Ukipanda matatu ya mbao hamsini kuenda tao, kioo cha mbele kina stika ya bima. Ikikosekana, polisi wako na sababu ya kuisimamisha. Lakini mzazi wako anabeba akiba ya miaka 20 kwa ofisi ya wakili ili anunue ploti, na swali pekee anauliza ni, "Wakili, utanitoza ngapi?" Bima? Hakuna anayeitaja.

Na bima iko. Kazi yake ni kulipa hasara ambayo mteja anapata wakili akizembea kazini. Mfano, umegongwa na gari Jogoo Road. Sheria inakupa miaka 3 kushtaki uombe fidia. Ikiwa ni gari ya serikali, ni miezi 12 tu. Wakili akikalia faili yako mpaka muda uishe, kwa kawaida kesi yako imekufa, hata kama mguu ulivunjika kweli. Kinachobaki ni kumshtaki yeye. Na hapo ndipo unataka apatikane mtu wa kulipa.

Sasa sikiza hii. Kanuni za 2004 zinasema wakili mwenye ofisi yake lazima awe na bima isiyopungua shilingi milioni 1. Milioni moja! Jaribu kutafuta ploti ya maana Ruiru na hiyo pesa uone vile utachekwa. England na Wales, kiwango cha chini ni pauni milioni 2 kwa kila dai. Sisemi tufike huko kesho. Nasema bima ipimwe na hasara ya mteja wa leo, si bei za 2004.

Najua mawakili wachanga watasema leseni ni ghali, ofisi ni ghali, na bima tena? Nawaskia, biashara ni ngumu. Lakini hata mtu wa boda anatakiwa kuwa na bima kabla abebe abiria wa kwanza, na hakuna anayemwambia angoje mpaka ajipange.

Tena msichanganye mambo. Bima hii ni ya makosa, si ya wizi. Wakili akikula pesa yako, kampuni ya bima itakuambia hiyo si shida yake. Hapo unaenda kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo imekuwa tangu 1989.

Suluhisho si ngumu. Chama cha Mawakili, LSK, tayari kina ukurasa mtandaoni ambapo unaandika jina la wakili unaona kama ana leseni. Waongeze mstari mmoja tu: ana bima ya kiasi gani, na inaisha lini. Hiyo ndiyo stika yetu.

Kabla wafanye hivyo, uliza mwenyewe, mapema, kabla utume hata shilingi. Na ukipewa karatasi ya kusaini eti hutamdai wakili akizembea, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinasema makubaliano kama hayo ni batili.

Wakili akikasirika kwa sababu umeuliza bima, beba faili yako. Ngazi za hiyo jengo ziko na mawakili wengine.