Saumu na Uwanja: Mchezaji Ana Madeni Mawili

Kila Ramadhani ikiandama, mabaraza yetu ya Pwani huwa na mazungumzo yale yale. Baada ya tarawehe watu huketi kwenye kahawa, na hazipiti dakika nyingi ila atatokea mtu wa kuuliza: yule mchezaji Mwislamu wa Ulaya, je, leo alifunga au alikula? Hapo hapo hukumu hutolewa. Ikiwa alifunga na timu yake ikashindwa, husemwa saumu imemlegeza. Ikiwa alikula, husemwa ameiuza dini kwa mshahara. Nimewasikia hata wazee wenye heshima zao wakiufunga mjadala kwa methali moja tu: mshika mbili moja humponyoka.

Kwa maoni yangu, methali hiyo hapa haina mahali. Mchezaji wa kulipwa ametia sahihi mkataba, na mkataba ni ahadi. Dini yetu inatuamrisha kutimiza ahadi kama inavyotuamrisha kufunga. Basi mtu huyo ana madeni mawili, na la kutazamwa ni namna anavyoyalipa.

Natutazame watu wawili. Wa kwanza ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyecheza mpira wa vikapu Marekani katika timu ya Houston Rockets. Mwaka 1995 Ramadhani iliangukia mwezi wa Februari. Olajuwon alifunga, hata siku ambazo mechi zilichezwa mchana, na mwezi huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Ilipofika Juni, Rockets wakatwaa ubingwa.

Wa pili ni Hashim Amla wa Durban, mcheza kriketi wa Afrika Kusini. Julai 2012 timu yake ilikuwa London ikipambana na Uingereza katika uwanja wa The Oval, na Ramadhani ikaandama mechi ikiendelea. Amla alisimama na gongo lake kwa siku tatu, jumla ya saa zaidi ya 13, akapata mikimbio 311 bila ya kutolewa. Hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kufika 300 kabla yake katika mechi kubwa za namna hiyo. Naye hakuwa amefunga. Alisema wazi kwamba yeye ni msafiri, na siku hizo atazilipa arudipo kwao. Lakini mtu huyu huyu ndiye aliyekataa kuvaa fulana yenye nembo ya bia ya mdhamini wa timu, na wakuu wake wakamkubalia.

Je, kati ya hao wawili nani mcha Mungu zaidi? Mimi sithubutu kusema. Houston mwezi wa Februari jua hukaa angani kiasi cha saa 11; London mwezi wa Julai hukaa kiasi cha saa 16. Na ruhusa ya msafiri haikubuniwa na wachezaji. Imo katika Sura ya Al-Baqara, pamoja na sharti la kufunga siku nyingine. Dawa ya deni ni kulipa.

Linalonisumbua mimi ni jambo jingine. Mwaka 2018 Tunisia ilipokuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia, ilicheza na Ureno, kisha na Uturuki, katikati ya Ramadhani. Mara zote mbili, jua lilipozama, kipa Mouez Hassen alijilaza chini kama aliyeumia, na wenzake wakakimbilia pembeni kufuturu kwa tende na maji. Watu wengi walicheka na kuusifu ujanja huo. Mimi sikucheka. Saumu ni ibada ya ukweli, kwani mtu akijificha akala, hapana amjuaye ila Mola wake. Yafaaje basi kuifungua kwa kumdanganya refa?

Linganisha na yaliyotokea Uingereza tarehe 26 Aprili 2021. Kabla ya mechi ya Leicester City na Crystal Palace, manahodha walikubaliana na refa kwamba jua likizama mchezo utasimama kidogo. Mpira ulipotoka, kipa wa Palace hakufanya haraka kuupiga. Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wakafuturu, na mchezo ukaendelea. Hakuna aliyedanganywa.

Najua si kila aombaye hukubaliwa. Mwaka 2023 shirikisho la kandanda la Ufaransa liliwaagiza marefa wasisimamishe mechi kwa ajili ya futari. Uamuzi huo haukuwa wa uungwana. Lakini hata hapo mchezaji hakosi njia: kuchelewa kufuturu kwa dakika chache hakuvunji saumu, na tende yaweza kumngoja kando ya uwanja.

Nawasihi vijana wetu wanaotamani kucheza ng'ambo waseme hali yao mapema na waziwazi. Wakufunzi nao wasimlazimishe mtu kula, bali wapange mazoezi ya usiku. Na sisi wa barazani tupunguze kuhesabu saumu za wenzetu. Wavuvi wetu na wafanyakazi wa bandari ya Kilindini wamefunga na kufanya kazi miaka nenda miaka rudi. Wameshika mbili, na hakuna iliyowaponyoka.