UCHAMBUZI: Rafu zilizojaa si faida, mambo ya kuzingatia kabla ya kununua hisa za duka

MTU anayenunua unga, sukari na sabuni katika duka moja kila wiki huamini kwamba anaijua biashara ya duka hilo. Ameona foleni ndefu za mwisho wa mwezi, amehesabu matawi mapya yanayofunguliwa mtaani, na bei zake anazifahamu kuliko anavyofahamu za kiwanda cha saruji au kampuni ya bima. Ndiyo sababu wengi wanaotaka kujitosa katika soko la hisa kwa mara ya kwanza huanza kwa kuulizia kampuni za rejareja.

Ujuzi huo una manufaa yake, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili imo katika vitabu vya hesabu, na historia ya Soko la Hisa la Nairobi (NSE) yaonyesha kwamba ni hiyo ya pili iliyowaumiza wawekezaji wadogo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Uchumi Supermarkets. Kampuni hiyo ilianzishwa na mashirika ya serikali mwaka wa 1975 na kuorodheshwa katika NSE mwaka wa 1992. Kwa wakazi wengi wa mijini, jina lake lilikuwa sawa na neno duka kubwa.

Mnamo Juni 2006 ilifunga milango, ikawekwa chini ya mrasimu, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Maduka yalifunguliwa tena mwezi uliofuata na wateja wakarejea. Mwenye hisa naye alisubiri hadi Mei 31, 2011 ndipo hisa hizo ziliporudishwa sokoni.

Miaka hiyo mitano yafaa kutafakariwa na kila anayeanza. Hisa zilikuwa bado mali ya mwenyewe, lakini hangeweza kuziuza sokoni ili kulipa karo wala kugharimia ugonjwa. Pesa zilizowekwa katika hisa zinaweza kufungiwa mlango, na mwenye ufunguo si aliyeziweka.

Kampuni iliporejea, wengi waliiamini upya. Mwishoni mwa 2014 iliwaomba wenyehisa mtaji zaidi: kila aliyekuwa na hisa nane aliruhusiwa kununua hisa tatu mpya kwa Sh9 kila moja. Mtu mwenye hisa 800 alihitaji Sh2,700 ili kuchukua fungu lake lote. Lengo lilikuwa kupata karibu Sh900 milioni, na maombi yakazidi hisa zilizokuwa zikiuzwa.

Juni 2015, kabla ya mwaka kwisha, mkuu wa kampuni alifutwa kazi. Oktoba mwaka huo Uchumi ilijiondoa Uganda na Tanzania. Kufikia 2020, wakati wadai wake walipokuwa wakipigia kura mpango wa kulipwa sehemu tu ya madeni yao, hisa moja ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya shilingi moja. Zile hisa 300 zilizogharimu Sh2,700 hazingemletea mwenyewe hata Sh300.

Ni vipi duka lenye wateja linaweza kuporomoka hivyo? Jibu limo katika namna biashara hii inavyoendeshwa.

Duka kubwa hupokea bidhaa kutoka kwa wasambazaji kwa mkopo, na huahidi kuzilipia baada ya mwezi mmoja au miwili, au hata zaidi. Mteja, kwa upande wake, hulipa papo hapo. Kwa hivyo duka hushika pesa za maziwa kabla ya kumlipa aliyeyaleta maziwa. Pesa hizo ni nyingi na huingia kila siku, hata meneja asiye mwangalifu huanza kuziona kuwa ni zake.

Faida halisi huwa ndogo. Katika kila shilingi mia moja zinazopita kwa mhazini wa duka, sehemu kubwa ni ya msambazaji, mwenye jengo, wafanyakazi na mtozaji ushuru. Pesa za wasambazaji zikitumiwa kufungua tawi jipya ambalo halitarudisha gharama kwa miaka kadhaa, duka huonekana likikua ilhali linakopa kwa mwenye mkate.

Siku ikifika msambazaji akachoka, huacha kuleta bidhaa. Rafu huanza kuwa na mapengo. Mteja aliyekosa mafuta na mkate leo huenda duka la pili kesho, mauzo hushuka, na pesa za kumlipa msambazaji wa tatu hukosekana. Kutoka hapo mporomoko huwa wa haraka, na hauhitaji wizi wowote ili utokee, ingawa wizi ukiwepo huuharakisha.

Hapa ndipo mwananchi wa kawaida ana nafasi ambayo mwekezaji wa ng'ambo hana. Anaweza kuingia dukani. Rafu ambayo bidhaa moja imetandazwa kwa urefu ili kuficha upungufu wa nyingine, jokofu lililozimwa, au wahudumu wanaolalamika kuhusu mshahara wa mwezi uliopita, ni habari ambazo huonekana kabla ya kuchapishwa katika taarifa ya mwaka.

Lakini macho hayaoni deni. Hilo hutafutwa katika hesabu, ambazo kila kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kuchapisha mara mbili kwa mwaka. Anayeanza hahitaji kuwa mhasibu. Alinganishe kiasi ambacho kampuni inapaswa kulipa katika miezi 12 ijayo na mali inayoweza kugeuzwa pesa katika kipindi hicho hicho. Kisha aangalie kama deni la wasambazaji linakua kwa kasi kuliko mauzo. Mauzo yakiongezeka kidogo na deni likaongezeka maradufu, tawi jipya lenye taa za kupendeza halipaswi kumtuliza mtu.

Asome pia maneno ya wakaguzi wa hesabu. Wakisema wana shaka iwapo kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake, hiyo ni lugha ya adabu kwa jambo zito. Vivyo hivyo kampuni inayochelewesha matokeo: sheria huipa miezi minne baada ya mwaka wake wa kifedha kuisha, na kuchelewa mara nyingi huwa na sababu.

Mtego mwingine ni bei ndogo. Hisa ya senti kadhaa humvutia mgeni kwa kuwa Sh1,000 humpatia hisa maelfu, na huiona ile ya Sh30 kuwa ghali. Ukweli ni kwamba bei ya hisa moja haina maana mpaka izidishwe kwa idadi ya hisa zote. Uchumi, baada ya mauzo yale ya 2014, ilikuwa na hisa takriban milioni 365. Kwa bei ya shilingi moja, soko linasema kampuni nzima, pamoja na jina lake na rafu zake, ina thamani ya Sh365 milioni kwa wenyehisa baada ya kuzingatia madeni. Swali la kujiuliza ni kama thamani hiyo ipo. Wingi wa hisa alizopata mtu haulijibu.

Kampuni ikifilisika, mwenyehisa husimama mwisho wa foleni. Benki zenye dhamana, wafanyakazi, serikali na wasambazaji hutangulia. Kinachosalia, kikisalia, ndicho chake.

Hali hii haikuwa ya Uchumi pekee. Deacons, kampuni ya maduka ya nguo, iliorodheshwa katika NSE Agosti 2016. Baadhi ya majina yaliyopamba maduka yake yalikuwa ya kampuni za kigeni, na mwaka wa 2018 Mr Price ya Afrika Kusini iliyachukua maduka yaliyokuwa yakiendeshwa kwa jina lake. Novemba mwaka huo Deacons ikawekwa chini ya wasimamizi na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Aliyedhani amenunua sehemu ya jina maarufu aligundua kwamba jina lilikuwa la kuazima.

Hatua za kununua hisa zenyewe ndizo rahisi katika safari hii yote, na pengine urahisi huo ni sehemu ya hatari.

Mnunuzi hufungua akaunti ya CDS, ambamo hisa huhifadhiwa kielektroniki, kupitia kwa dalali wa hisa au benki iliyoidhinishwa. Huhitaji kitambulisho, nambari ya siri ya mlipa kodi kutoka KRA, picha na maelezo ya akaunti ya benki. Madalali wengi sasa huruhusu shughuli hiyo ifanywe kwa simu. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, jina la dalali lilinganishwe na orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA).

Tahadhari hiyo ina historia. Kampuni za udalali za Francis Thuo and Partners mwaka wa 2007 na Nyaga Stockbrokers mwaka wa 2008 ziliporomoka wakati Wakenya wengi walikuwa wameingia sokoni kwa mara ya kwanza, na wateja wakabaki wakihangaikia pesa na hisa zao. Kuna hazina ya kuwafidia wawekezaji dalali akishindwa kutimiza wajibu wake, lakini hazina hiyo haimfidii mtu kwa sababu bei ya hisa imeshuka. Ni busara mwenye akaunti akague taarifa yake ya CDS mara kwa mara, badala ya kuridhika na maneno ya dalali.

Kwa miaka mingi mnunuzi alilazimika kuchukua angalau hisa 100 katika soko la kawaida. Sharti hilo liliondolewa Agosti 2025, na sasa mtu anaweza kununua hata hisa moja. Badiliko hilo limemfaa mwenye kipato kidogo, lakini gharama za udalali na ada nyingine zinazokaribia asilimia mbili ya kila biashara ndogo hazikuondoka. Anayenunua na baadaye kuuza hulipa mara mbili, kwa hivyo bei isipopanda kwa takriban asilimia nne, atakuwa hajapata chochote.

Wakati wa kuagiza, ni heri kutaja bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa. Hisa zisizouzwa kwa wingi zinaweza kuruka bei kwa agizo moja tu la mtu mwenye haraka. Biashara ikikamilika, hisa huingia katika akaunti siku tatu za kazi baadaye. Mgao wa faida ukitolewa, Mkenya hukatwa kodi ya asilimia tano kabla ya kuupokea.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba maduka wanayoyazuru kila siku hayamo sokoni. Naivas haijaorodheshwa Nairobi. Ni kampuni ya kibinafsi ambayo mwaka wa 2022 iliuza asilimia 40 ya umiliki kwa kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius. Quickmart nayo ni ya kibinafsi. Nakumatt na Tuskys, ambazo wakati mmoja zilitawala miji, ziliporomoka bila kuwahi kuorodheshwa, na hasara ikawaangukia wasambazaji, benki na wafanyakazi.

Carrefour ni kisa cha kipekee. Kampuni ya Ufaransa yenye jina hilo imeorodheshwa jijini Paris, lakini maduka yaliyofunguliwa Kenya kuanzia 2016 yameendeshwa na Majid Al Futtaim, kampuni ya kibinafsi ya Dubai. Mkenya anayenunua hisa za Paris kwa sababu ameona foleni katika duka la Nairobi atakuwa amenunua biashara nyingine kabisa. Anayetaka kushiriki katika Naivas kupitia soko naye hana budi kuitazama IBL, ambayo imeorodheshwa Port Louis na ina shughuli nyingine nyingi zisizohusiana na maduka ya Kenya.

Pengo hilo kati ya maduka yanayopendwa na hisa zinazopatikana ndilo linalotumiwa na matapeli. Ujumbe wa simu unaomwahidi mtu hisa za duka ambalo halimo katika orodha ya NSE, malipo yakitumwa kwa nambari ya mtu binafsi, hauna njia ya kuwa wa kweli. Kampuni ikiamua kuuza hisa kwa umma, huchapisha waraka ulioidhinishwa na CMA wenye hesabu zake na madeni yake, na maombi hupitia kwa mawakala walioorodheshwa humo. Orodha ya kampuni zote zinazouzwa hisa inapatikana bila malipo katika tovuti ya NSE, na dakika chache zinatosha kuisoma.