Shokapu Haipimwi kwa Kiganja

Mnunuzi wa gari la mtumba kutoka Japani anaegemea boneti, anaikandamiza mara mbili, anaachia. Gari linapanda, linatulia. "Shokapu nzima hizi," wanasema waliosimama.

Hawajathibitisha kitu. Shokapu huzuia kadiri pistoni yake inavyokwenda kasi. Kiganja husukuma polepole, shimo hupiga ghafla. Tena bushi zilizokakamaa nazo huzuia gari lisicheze, ukazipa shokapu sifa isiyo yao. Likiyumba mara tatu, nne, hapo nakubali: zimekufa. Lisipoyumba, chungulia kama mafuta yamevuja, papasa tairi kama limelika madoa madoa, kisha liendeshe njia mbovu nusu saa, usimame, usogeze mkono kwa tahadhari. Shokapu inayofanya kazi hupata joto. Iliyobaki baridi ilikuwa abiria tu.

Wengine husema shokapu ndiyo inayobeba gari. La, inayobeba ni springi.

"Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, kanyaga mafuta, gari litaelea." Hili lina ukweli nusu, ndiyo maana halitoki midomoni mwa madereva. Ukivuka kasi fulani, tairi hugusa vilele tu na ndani kunatulia. Lakini kutulia kwa kiti si kupumzika kwa shokapu. Mikunjo ikiachana sentimita 80 nawe uko kilomita 80 kwa saa, gurudumu linapigwa karibu mara 28 kila sekunde. Mafuta ya shokapu yanapata joto kali, yanaingia povu, na povu halizuii kitu. Akikatiza mbuzi, tairi linaloruka vilele halina pa kushika.

"Weka spesa na springi ngumu, gari lidumu." Spesa huinua bodi tu, boljointi na shafti hubaki zikifanya kazi kwa pembe ambazo hazikuundiwa. Springi ngumu kupita kiasi hupeleka pigo kwenye bodi, na nyufa huanzia kwenye maungio. Katika karne ya 19, August Wöhler, mhandisi Mjerumani wa reli, alionesha kwa ekseli za treni kwamba chuma huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule wa kukivunja mara moja, ukirudiwa vya kutosha. Na hesabu ya uchovu huo wa chuma haina huruma: madhara yakikua kwa kipeo cha 5 cha mkazo, ambacho si kigeni kwenye vyuma, mkazo ukiwa maradufu, madhara ya kila pigo huwa mara 32. Mwenye kujaza saruji kwenye gari dogo aisome tena sentensi hiyo.

"Wazungu hujaribu magari yao kwenye lami laini." Si kweli: Ford wana uwanja wa majaribio Lommel, Ubelgiji, wenye njia ya kilomita 1.9 iliyojengwa kwa nakala za mashimo na kero za barabara za nchi 25. Tatizo liko kwingine: kinachopitishwa pale ni gari lenye vipuri vyake halisi. Bushi ya bei ya chee uliyofungiwa juzi haijawahi kufika Lommel.

Basi utaambiwa habari za mashindano ya magari ya Safari Rally, kwamba gari imara halihitaji matunzo. Ni kweli, Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ilikuwa gari imara hasa. Ila ile ya mashindano ilikuwa na mafundi wakiisubiri njiani, vipuri mkononi.